Tukikupigia simu kuuliza kama mgonjwa wenu yupo hai

Kila Oktoba, kampeni ya saratani ya matiti inapopamba moto, malalamiko nayo huongezeka ofisini kwetu, kwenye sajili ya saratani, yaani ofisi inayoandikisha na kufuatilia wagonjwa wa saratani. Safari hii mengi ni ya aina moja: "Mbona mnapiga kuuliza kama mama yetu yupo hai? Mnamtakia nini?" Ni swali la haki. Bila jibu la simu hiyo, hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kama wagonjwa wa leo wanaishi muda mrefu kuliko wale wa miaka 20 iliyopita.

Wengi hudhani jambo hili hupimwa kwa kuhesabu vifo. Sivyo. Sensa ya 2012 ilikuta Watanzania takriban milioni 44.9, ya 2022 ikakuta milioni 61.7. Watu wakiongezeka kiasi hicho, wagonjwa na vifo vinaweza kuongezeka hata kama tiba imekuwa bora zaidi. Sajili ya saratani hupima kitu kingine: kati ya wakazi wote wa eneo fulani waliogundulika mwaka fulani, wangapi walikuwa hai baada ya mwaka 1, 3 na 5. Wakazi wote, si wagonjwa wa hospitali moja. Kwa hiyo maneno ya mtaani kwamba hospitali fulani ya rufaa "inaua watu wa saratani" tuyaache kabisa. Hospitali inayoletewa watu walio hatua ya nne, ambayo saratani imeshasambaa mwilini, itakuwa na vifo vingi, na hilo halisemi lolote kuhusu madaktari wake.

Chukua faili la aina tunayokutana nayo kila wiki. Mwanamke wa miaka 46, saratani ya mlango wa kizazi, kinyama cha kupima kilichukuliwa 2017. Daftari la maabara linamwita Mwanahamisi, la mionzi Mwana Hamisi, kadi ya kliniki Mama Shabani. Karani akikosa kugundua kuwa ni mtu mmoja, ameshamhesabu mara 3. Alimaliza mionzi, akaja kliniki mara mbili, basi. Namba iliyoandikwa ni ya mkwewe, na mkwewe alishabadilisha laini.

Je, yupo hai? Tukiandika yupo, faili zetu zitajaa watu wa miaka 110 ambao hawajafa kamwe, na takwimu zitapendeza bure. Tukiandika amekufa, tutakuwa tumemzika mtu ambaye pengine yuko shambani anapalilia. Hesabu zinaturuhusu kumhesabu hadi siku aliyoonekana mara ya mwisho, kisha kumtoa. Lakini zina sharti: waliopotea wawe sawa na waliobaki. Hapa kwetu mara nyingi hawako sawa. Anayepotea ni yule aliyezidiwa, aliyeishiwa nauli, aliyerudishwa nyumbani kuuguzwa na ndugu. Wakipotea wengi wa namna hiyo, asilimia tunayoitangaza huwa nzuri kuliko ukweli, na serikali hupanga bajeti kwa kuitegemea.

Sajili ya Kampala, iliyoanza miaka ya 1950, ilionyesha faida ya kufuatilia. Kwa wagonjwa waliogundulika 1993 hadi 1997, wenye saratani ya mlango wa kizazi waliokadiriwa kufikisha miaka 5 walikuwa takriban 18 kati ya 100. Kwa Wamarekani weusi walikuwa takriban 64. Kipimo hicho huondoa vifo ambavyo vingetokea hata bila saratani, kwa kumlinganisha mgonjwa na wenzake wa umri na jinsia ileile. Kwa mfano, mzee mwenye saratani ya tezi dume anaweza kufa kwa presha.

Asilimia ikipanda pia tusikimbilie kushangilia. Korea Kusini, baada ya uchunguzi wa saratani kupanuliwa kuanzia 1999, watu wengi walipimwa na tezi ya shingo kwa ultrasaundi. Kufikia 2011 saratani ya tezi hiyo ilikuwa mara 15 ya ile ya 1993, karibu wote waliishi, lakini vifo kwa idadi ya watu havikupungua. Walikuwa wamegundua vivimbe vingi ambavyo visingemdhuru mtu. Ndiyo maana tunasoma wagonjwa wapya, vifo na miaka ya kuishi kwa pamoja. Chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, tuliyoanza kuwapa wasichana wa miaka 14 mwaka 2018 itaonekana kwenye wagonjwa wapya, tena baada ya miaka mingi. Anayeitafuta faida yake kwenye asilimia ya kuishi anaitafuta mahali sipo.

Na asilimia si hukumu ya mgonjwa mmoja. Takwimu ya miaka 5 kwa sehemu kubwa inaeleza watu waliogundulika zamani, kwa tiba ya zamani. Tafadhali usimsomee mgonjwa wako.

Sasa utaratibu. Anayepiga hutaja jina lake, idara yake na hospitali alikotibiwa mgonjwa. Haombi hela, haombi namba ya siri. Najua matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wamewachosha. Ukiwa na shaka kata simu, uliza hospitalini kwenyewe. Taarifa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Mtu anayefichua taarifa kinyume cha sheria hutozwa faini ya Sh100,000 hadi Sh20 milioni, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni au shirika, faini ni Sh1 milioni hadi Sh5 bilioni.

Kifo husajiliwa ndani ya siku 30. Kikitokea nyumbani, taarifa hupelekwa kwa mtendaji wa kijiji au kata. Tafadhali msimwambie tu kwamba marehemu "aliugua kwa muda mrefu". Semeni saratani, semeni ya wapi. Neno hilo halimvunjii marehemu heshima.

Tukipiga na mkatuambia amefariki, tutawapa pole na kuuliza tarehe. Kama tarehe imesahaulika, hata mwezi unatosha. Mkituambia yupo, tutaandika tarehe ya siku hiyo na namba mpya, halafu mwakani tutapiga tena.