Tathmini ya usalama wa kiuatilifu ni nini? Kisa cha streptomaisini na michungwa ya Florida

Tukisikia serikali "imepitisha" dawa ya miti, wengi tunadhani kuna mtaalamu aliyeipeleka maabara, akaiona haina sumu, akagonga muhuri. Mambo hayaendi hivyo. Karibu kila kiuatilifu, yaani dawa ya kuua wadudu au vijidudu vya mimea, ni sumu, maana kama kisingekuwa sumu kwa kitu fulani kisingefanya kazi. Tathmini ya usalama hujibu swali jingine: sumu hii, kwa kipimo hiki, ikitumiwa kwa njia hii, itamfikia nani, na kiasi gani?

Kiswahili chetu hutumia neno moja, hatari, kwa mambo mawili ambayo wapimaji huyatenga. La kwanza ni ukali wa kitu chenyewe. La pili ni uwezekano wa mtu kudhurika nacho katika maisha yake ya kawaida. Ugomvi mwingi kuhusu viuatilifu huanzia hapo: mmoja anazungumzia ukali, mwenzake anazungumzia uwezekano, na kila mmoja anamwona mwenziwe muongo.

Chukua streptomaisini, moja ya antibayotiki, yaani dawa zinazoua bakteria. Aliyeuguza mgonjwa wa kifua kikuu miaka ya nyuma anaijua: sindano ya tako kila siku, miezi 2 mfululizo, kwa mgonjwa aliyerudiwa na ugonjwa. Shirika la Afya Duniani liliacha kupendekeza utaratibu huo mwaka 2017. Dawa hiyo iliwaponya wengi, na iliwaachia baadhi yao masikio yanayovuma au yasiyosikia kabisa. Na kwa nini ilikuwa sindano, si kidonge? Kwa sababu ukiimeza, utumbo hauipokei, na karibu yote hupita ikatoka. Kwa hiyo gramu moja iliyochomwa kwenye msuli na chembe iliyobaki kwenye chungwa ni dawa ileile yenye ukali uleule, ila uwezekano wa kukudhuru ni mbalimbali kabisa. Anayefanya tathmini kazi yake ni kuupima umbali huo, asiukisie.

Sasa streptomaisini iliingiaje kwenye machungwa?

Mwaka 2005 jimbo la Florida, Marekani, liligundua ugonjwa ambao Wachina huuita huanglongbing, na ambao huku kwetu hutajwa kama ugonjwa wa ukijani wa michungwa. Unasababishwa na bakteria wanaoishi ndani ya mirija inayosafirisha chakula cha mti, chini ya gome. Anayewabeba ni mdudu mdogo mfyonza utomvu, anayehama mti hadi mti. Majani hupata mabaka ya manjano yasiyolingana upande na upande, tunda hubaki dogo, limepinda, kitako chake kijani hata likiiva, na juisi yake chungu. Mti hauna tiba. Msimu wa 2003/04 Florida ilivuna zaidi ya maboksi milioni 240 ya machungwa, kila boksi karibu kilo 41. Msimu wa 2022/23 ilivuna chini ya milioni 16. Mkulima aliyeona shamba la baba yake likifa namna hiyo hawezi kulaumiwa kwa kutafuta antibayotiki.

Kwanza ruhusa zilitolewa za dharura, mwaka 2016. Baadaye, Januari 2021, Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, EPA, likaisajili streptomaisini rasmi kwa matumizi kwenye michungwa. Hapo katikati ndipo tathmini yenyewe ilipofanyika.

Inaanzia kwenye mafaili ya kampuni. Anayetaka kuuza kiuatilifu ndiye anayegharamia majaribio, na watu wengi wakisikia hivyo hushtuka. Mimi naona ni haki alipe yeye badala ya mlipa kodi, mradi maabara zifuate kanuni zilizowekwa na mwanasayansi wa serikali aone takwimu ghafi, asiishie kwenye muhtasari mzuri. Pale ambapo serikali haina watu wa kutosha kusoma mafaili hayo, ndipo ningeanza kuogopa.

Kipimo cha chakula hupatikana hivi. Panya hulishwa dawa kila siku, wengine kwa miaka 2, ambayo kwa panya ni karibu umri mzima. Wanasayansi hutafuta kipimo cha juu kabisa ambacho hakikuonyesha madhara. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, ni miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kipimo hicho hugawanywa kwa 10, kwa kuwa binadamu si panya, kisha kwa 10 tena, kwa kuwa watu wenyewe hatufanani: yupo mjamzito, yupo mzee, yupo mwenye figo zilizochoka. Inabaki 0.05. Mtu wa kilo 60 anawekewa mpaka wa miligramu 3 kwa siku, mtoto wa kilo 10 nusu miligramu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1996 inaongeza kugawanya kwa 10 mara ya tatu kwa ajili ya watoto, isipokuwa takwimu zikithibitisha kwamba haihitajiki. Baada ya hapo ndipo hupimwa mabaki kwenye tunda na kuulizwa: mtoto anayekunywa juisi kila asubuhi atafikia mpaka ule? Mtoto huulizwa kwanza kwa sababu, ukilinganisha na uzito wake, anakunywa juisi nyingi kuliko baba yake.

Kwa mlaji wa chungwa sheria ni kali: lazima kuwe na uhakika wa kutosha kwamba hatadhurika. Kwa mambo mengine, yaani mto, ndege, nyuki na kibarua wa shambani, sheria kuu ya viuatilifu ya mwaka 1947, ambayo imerekebishwa mara nyingi, inaruhusu mizani: madhara upande huu, faida za kiuchumi na kijamii upande ule. Kiuatilifu kikishasajiliwa, hurudishwa mezani angalau kila miaka 15, kwa sababu sayansi inasonga na dawa iliyoonekana salama jana inaweza isionekane hivyo leo.

Mpaka hapo hesabu inakwenda vizuri. Ugumu wa antibayotiki ni kwamba madhara yake makubwa hayamfiki aliyekula tunda. Yanakuja kwa njia ya usugu. Ukipulizia antibayotiki kwenye hekta nyingi mwaka baada ya mwaka, bakteria wanaokufa ni wale dhaifu, na wanaobaki kwenye udongo na majani ni wale walioizoea. Hili lilishatokea kwenye matunda. Wakulima wa Marekani walianza kupulizia streptomaisini kwenye mipeasi na mitufaha miaka ya 1950 dhidi ya ugonjwa unaounguza maua na matawi. Mwaka 1971 bakteria sugu wa ugonjwa huo wakaripotiwa kwenye mashamba ya mipeasi ya California.

Kwa haki, lazima niseme pia kwamba vimelea vya kifua kikuu hupata usugu kwa kubadilika vyenyewe, haviazimi kutoka kwa bakteria wa shambani. Lakini streptomaisini si dawa ya kifua kikuu peke yake. Hutibu pia tauni. Wilaya ya Lushoto, katika mkoa uleule wa Tanga unaotuletea machungwa ya Muheza, ilisumbuliwa na tauni miaka ya 1980 na 1990. Na mwaka 1995, ng'ambo ya bahari kule Madagascar, mgonjwa mmoja alikutwa na bakteria wa tauni waliokuwa sugu kwa dawa kadhaa, streptomaisini ikiwemo. Usugu huo ulibebwa kwenye kipande cha vinasaba kinachoweza kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Hakuna anayesema kipande kile kilitoka kwenye bustani ya matunda. Kinachoonekana ni kwamba mlango upo, na bakteria wanajua kuupita.

Utalipimaje jambo kama hilo kwa panya na kugawanya kwa 10? Haliwezekani. Wataalamu wa EPA walikopa njia inayotumiwa kwa dawa za mifugo: kujiuliza uwezekano wa usugu kuzuka, uwezekano wa watu kukutana na bakteria hao, na uzito wa matokeo, halafu kupanga kila kimoja kwa maneno kama chini, wastani, juu. Hakuna namba inayotoka mwishoni. Kituo cha serikali hiyohiyo kinachoshughulikia magonjwa, CDC, kilikuwa kimeonyesha wasiwasi. Kwa maoni yangu hapa ndipo tathmini ilipokuwa dhaifu kuliko kwingine kote, na sidhani ni kwa uzembe wa mtu. Zana zilitengenezwa kwa ajili ya sumu, na huyu mgeni ni wa namna nyingine.

Upande wa faida nao ulikuwa na tobo. Bakteria wako ndani ya mirija, chini ya gome, na jani la mchungwa limepakwa nta ya asili inayozuia maji. Dawa inayopuliziwa juu ya jani itafikaje ndani? Mizani inayoweka faida upande mmoja inapaswa kuwa na hakika kwamba faida hiyo ipo.

Vyama vya vibarua wa mashambani na vya mazingira vilikwenda mahakamani. Desemba 2023 mahakama ya rufaa ya shirikisho yenye makao San Francisco ikaufuta usajili huo. Kubwa lililoiangusha EPA ni kwamba ilipitisha dawa bila kwanza kuchunguza, kama sheria ya mwaka 1973 inavyotaka, athari zake kwa viumbe walio hatarini kutoweka. La pili lilikuwa nyuki: takwimu za kuonyesha kwamba hawataumia hazikutosha. Mchungwa ukichanua nyuki hujaa juu yake, na nyuki naye ana bakteria wake tumboni wanaomsaidia kusaga chakula na kupambana na maradhi. Kuwapulizia antibayotiki bila kujua itawafanya nini bakteria wale ni kuacha swali la wazi bila jibu.

Wakulima wa Florida hawakuachwa mikono mitupu. Mwishoni mwa 2022 walishapata ruhusa ya antibayotiki nyingine, oksitetrasaiklini, ya kudungwa ndani ya shina. Mti hutobolewa kwa keekee ndogo, bomba la dawa huchomekwa kwenye tundu, na dawa hupanda na utomvu. Haiponyi mti, ila huupa nguvu ya kuzaa. Angalia jinsi njia inavyobadilisha maswali. Dawa haipeperuki na upepo, kwa hiyo kibarua na mto wana nafuu. Lakini sasa iko ndani ya mti wenyewe, kwa hiyo mabaki kwenye tunda yanadai kupimwa kwa makini zaidi, na gome lenye vidonda kila mwaka nalo ni suala. Kiuatilifu kikibadilishiwa njia, tathmini huanza upya.

Huku kwetu jambo hili si la mbali. Afrika Mashariki tuna aina yetu ya ugonjwa huo, inayopenda nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 2016 watafiti walichapisha habari kwamba mdudu wa Kiasia, yuleyule anayeubeba ugonjwa kule Florida na anayevumilia joto, ameonekana Tanzania. Huyo ndiye anayeweza kuishi pwani. Kwa upande wa dawa, Tanzania ina Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, na Kenya ina bodi yake ya viuatilifu. Kila kilichojadiliwa kwenye mafaili ya ofisi hizo huishia kwenye karatasi moja iliyobandikwa kwenye dumu: namba ya usajili, mkanda wa rangi chini (nyekundu kwa sumu kali zaidi, kisha njano, buluu, kijani), kipimo kwa lita ya maji, saa za kutoingia shambani, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Lebo ndiyo tathmini yenyewe, imefupishwa mpaka ikaenea kwenye kiganja.

Nilisimama siku moja kwenye duka la pembejeo nikingoja zamu yangu. Mzee aliyenitangulia alitaka dawa kidogo tu ya michungwa yake michache. Kijana wa dukani akainamisha dumu, akammiminia kwenye chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, akafunga kizibo, akapokea hela. Mzee alipoondoka nikaomba nilione lile dumu. Lilikuwa na mkanda wa njano. Mstari wa mwisho wa maelezo, kwa maandishi madogo, ulisema usivune kabla ya siku 14 kupita. Nikamuuliza kijana kama amemwambia. Akatoka mlangoni kuangalia, lakini bodaboda ilikuwa imeshapinda kona, na mzee alikuwa amesema mwenyewe kwamba anavuna Ijumaa.