Je, wajua namna ya kujua ni njia ipi inayobeba athari kubwa zaidi?

Mwanafunzi wa Dar es Salaam anakaa Mbagala, shule yake iko mbali, Upanga. Tuseme umbali unamshushia alama. Kilometa zenyewe hazifanyi mtihani, kwa hiyo katikati lazima pana kitu. Pengine ni usingizi, maana anaamka usiku kuwahi daladala. Pengine ni kuchelewa, foleni ikimkosesha vipindi vya kwanza. Ipi ina nguvu zaidi?

Tutumie namba za mfano tu. Kila kilometa inapunguza usingizi dakika 6, na kila dakika inayopotea inakata alama 0.05. Upande wa pili, kila kilometa inaongeza siku 0.4 za kuchelewa kwa mwezi, na kila siku ya kuchelewa inakata alama 0.5. Wengi wakiona 0.5 na 0.05 hutangaza kwamba kuchelewa kuna nguvu mara kumi. Si kweli! Athari isiyo ya moja kwa moja hupatikana kwa kuzidisha vipande vyote viwili vya njia: 6 × 0.05 ni alama 0.30 kupitia usingizi, na 0.4 × 0.5 ni alama 0.20 kupitia kuchelewa. Mimi hupendezwa sana na hatua hii, kwa sababu dakika zinafutana, siku zinafutana, na pande zote kinabaki kipimo kimoja: alama kwa kilometa.

Lakini je, hiyo tofauti ya 0.10 ni ya kweli au ni bahati ya sampuli? Hapa hata watafiti wazoefu huteleza: njia moja ikivuka kizingiti cha kitakwimu (kiwango cha kuamini kwamba athari si bahati tu) na nyingine isipovuka, husema ya kwanza ndiyo kali. Kinachopaswa kupimwa ni tofauti yenyewe. Mwaka 2008 wataalamu wa mbinu za takwimu Kristopher Preacher na Andrew Hayes walionyesha namna: usingizi na kuchelewa viingie katika modeli moja ya takwimu, kisha itumike butistrapu, mbinu ya mwanatakwimu Bradley Efron ya mwaka 1979. Kompyuta inachota wanafunzi upya kutoka sampuli ileile, kila anayechotwa akirudishwa, tuseme mara 5,000, na kila mara inakokotoa tofauti. Tazama asilimia 95 za katikati. Sifuri ikiwemo, huna ushahidi kwamba njia zinapishana, ingawa hujathibitisha kwamba zinalingana. Shule inayotaka kuamua kati ya kununua basi na kusogeza mbele muda wa kuanza masomo inastahili kuambiwa hivyo waziwazi.

Njia moja ikiongeza alama na nyingine ikipunguza, linganisha ukubwa wa athari bila alama za kujumlisha na kutoa.