Kurudia Kusoma Si Sawa na Kukumbuka

Wanafunzi wengi wa vyuo, na hata baadhi ya wahadhiri wao, huamini kwamba njia ya uhakika ya kujiandaa kwa mtihani ni kusoma maelezo yale yale mara nyingi na kupigia mistari sehemu muhimu. Imani hiyo ina msingi wake, kwa kuwa kila usomaji mpya huwa mwepesi kuliko uliotangulia, na wepesi huo huhisiwa kama uelewa.

Wanasaikolojia wamebaini, hata hivyo, kwamba kulitambua jambo lililo mbele ya macho na kulikumbuka bila msaada ni mambo mawili tofauti. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2006, wanafunzi waliorudia kusoma kifungu cha habari waliwashinda wenzao waliojipima kwa kuandika walichokumbuka, lakini hilo lilikuwa baada ya dakika 5. Baada ya wiki 1, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Nadhani hapo ndipo wengi hupotezwa, kwani matokeo ya haraka huipendelea njia iliyo dhaifu.

Msomaji anaweza kulihakiki jambo hili mwenyewe. Achague mada mbili zenye ugumu unaolingana. Ya kwanza airudie kwa kusoma, na ya pili aisome mara moja, afunge daftari, aandike anachokumbuka, kisha ajisahihishe, akitumia muda ule ule. Baada ya wiki moja aandike habari za mada zote mbili bila kutazama popote. Mhadhiri naye anaweza kufungua kipindi kwa maswali mawili matatu ya somo lililopita, yasiyotolewa alama, ili mwanafunzi ajue mapema ni wapi hasa hajashika.