Kabla hujachagua kisiwa cha kustaafia, ulizia pensheni yako

Kutoka Barbados hadi Saint Lucia kwa ndege hata saa moja haifiki. Bahari ni ileile, jua ni lilelile, na nyumba ya vyumba vitatu yenye kibaraza cha kupunga upepo utaipata kotekote. Lakini mtu aliyefanya kazi Uingereza akastaafia Barbados, pensheni yake ya serikali hupanda kila Aprili sawasawa na ya mwenzake aliyebaki Birmingham. Akistaafia Saint Lucia, kiwango hugota pale kilipokuwa alipohamia, na huendelea kugota hapo mwakani, mwaka wa kumi na mwaka wa ishirini.

Wengi wanaotujia kwenye ushauri wa mafao wakiwa na wazo la Karibi wameshachagua kisiwa tayari. Wapo Watanzania na Wakenya waliooana na Wajamaika au Wabarbados huko Uingereza, wapo waliokwenda likizo wakapapenda, na wapo waliochoshwa na baridi tu. Wameshajua bei ya nyumba na nauli. Suala la pensheni huja mwisho, wakati mwingine nyumba ikiwa imeshalipiwa. Tunaomba mpangilio huo ugeuzwe.

Tufanye hesabu. Wastaafu wawili walifikia umri wa pensheni Aprili 2016, kila mmoja akiwa na miaka 35 ya michango, ambayo ndiyo inayompa mtu pensheni mpya kamili (ya mfumo ulioanza Aprili hiyo). Wakati huo ilikuwa pauni 155.65 kwa wiki. Mmoja akahamia Bridgetown, Barbados, mwingine Castries, Saint Lucia. Kufikia Aprili 2025 pensheni kamili ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki, na ndiyo aliyoipokea wa Bridgetown. Wa Castries alikuwa bado na pauni 155.65 zake. Pengo ni pauni 74.60 kwa wiki, yaani karibu pauni 3,880 kwa mwaka, na linazidi kutanuka kwa sababu Uingereza hupandisha pensheni kila mwaka kwa kufuata kilicho kikubwa kati ya mfumuko wa bei, ongezeko la mishahara na asilimia 2.5. Mchele, umeme na dawa za presha vya Castries navyo havijagota mwaka 2016.

Sababu ni mikataba. Serikali ya Uingereza hulipa pensheni popote duniani, ila nyongeza ya kila mwaka huwapa wanaoishi ndani ya nchi, katika Eneo la Kiuchumi la Ulaya, na katika nchi ambazo mkataba wao wa hifadhi ya jamii unadai hivyo. Kwa nchi huru za visiwa vya Karibi, wenye bahati hiyo ni Barbados na Jamaika. Trinidad na Tobago haimo. Grenada, Antigua, Dominica, Saint Vincent na Bahamas hazimo. Hata Montserrat, Anguilla na visiwa vya Cayman, ambavyo hadi leo vinapeperusha bendera ya Uingereza, havimo. Msingi wa kugawa watu hivi, kwa maoni yetu, si wa haki: michango ililipwa kwa kiwango kimoja, katika viwanda na hospitali zilezile. Annette Carson, mstaafu aliyehamia Afrika Kusini, alilifikisha jambo hili mahakamani. Alishindwa mwaka 2005 mbele ya majaji wa juu kabisa wa Uingereza, na mwaka 2010 akashindwa tena katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Kwa hiyo usihame ukitumaini kwamba kuna kesi itakayokuokoa.

Na kwa msomaji anayesema "basi mimi nitarudi zangu Mombasa au Moshi", ajue kuwa Kenya na Tanzania nazo zimo katika kundi la kugota.

Aliyekwishahama asikate tamaa. Akirudi kuishi Uingereza moja kwa moja, analipwa kiwango cha sasa. Hata akienda kutembelea wajukuu kwa wiki kadhaa anaweza kudai kiwango cha juu kwa muda atakaokuwa huko, mradi awajulishe wanaohusika na pensheni. Wengi hawadai kwa sababu hawajui.

Upande wa Marekani mambo yanakwenda kinyume: pensheni ya Social Security hupanda bila kujali kisiwa, tatizo liko kwenye matibabu. Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, kwa kawaida haikulipii hospitali nje ya Marekani na maeneo yake. Puerto Rico na Visiwa vya Virgin vya Marekani vimo ndani ya maeneo hayo, kwa hiyo ukilazwa San Juan, Puerto Rico, kadi yako inafanya kazi. Ukilazwa Santo Domingo katika Jamhuri ya Dominika, safari fupi tu ya ndege kutoka hapo, unalipa mfukoni au kwa bima nyingine. Watu wengi wakihama huamua kuacha kulipia Sehemu B ya Medicare, ile ya madaktari na vipimo, kwa kuwa dola 185 kwa mwezi (kiwango cha kawaida cha 2025) wanaona zinapotea bure. Waelewe wanachofanya. Ukirudi na kutaka kujiunga tena, ada yako huongezwa asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili uliyokaa bila kujiunga, na kwa kawaida nyongeza hiyo haiondoki. Aliyekaa nje miaka mitano anarudi na mzigo wa asilimia 50 juu ya ada, na wanaorudi mara nyingi ni wale ambao afya imeshaanza kuwasumbua.

Wenzetu wenye uraia wa Kenya, Tanzania au Kongo wanaoishi Marekani kwa kibali cha ukaazi wa kudumu wana jambo la ziada. Raia wa Marekani hulipwa Social Security akiwa karibu nchi yoyote. Cuba ni miongoni mwa chache zisizoruhusiwa. Asiye raia malipo yanaweza kusimamishwa baada ya kukaa nje miezi sita, isipokuwa anaangukia kwenye misamaha inayotegemea uraia wake na miaka aliyochangia. Asiye raia na asiye tena mkaazi kwa hesabu za kodi hukatwa pia kodi ya zuio, ambayo mahali pasipo na mkataba wa kuipunguza hufikia asilimia 25.5 ya pensheni yenyewe. Na kibali cha ukaazi wa kudumu hakikuwekwa ili mtu akae nacho Jamaika miaka mitatu. Kama una sifa za kuomba uraia, hili ni la kumaliza kabla ya kufunga mizigo.

Tukae kidogo kwenye matibabu, maana ndiko wastaafu wanakoumia. Visiwa vingi ni vidogo. Barbados ina watu wapatao 280,000 na hospitali kuu ya umma moja, Queen Elizabeth ya Bridgetown, na hiyo ni kati ya zilizo bora ukanda mzima. Katika visiwa vidogo zaidi, mgonjwa mahututi husafirishwa kwa ndege hadi Martinique, Barbados, Trinidad au Miami. Ndege ya wagonjwa gharama yake ni maelfu mengi ya dola, na bima nyingi za afya za bei nafuu hazina kipengele hicho. Soma mkataba wa bima kwa maswali haya: unagharimia kusafirishwa? Hadi nchi gani? Nani anaamua, daktari aliye nawe au kampuni iliyo mbali? Unakoma ukifika umri gani? Kampuni nyingi haziandikishi mtu mpya aliyepita umri fulani, au humpokea bila kugharimia maradhi aliyokuja nayo, kama kisukari na presha. Ukisafishwa figo mara tatu kwa wiki, usichague kisiwa kabla hujaongea na kituo chenyewe kuhakikisha wana nafasi. Mbu nao wapo. Dengi huzuka mara kwa mara, na chikungunya, ugonjwa uliotambuliwa kwa mara ya kwanza kusini mwa Tanzania mwaka 1952, ulienea Karibi kuanzia mwishoni mwa 2013 na kuwaacha wazee wengi na maumivu ya viungo kwa miezi.

Nyumba sasa. Msimu wa vimbunga ni Juni mosi hadi Novemba 30. Barbados iko mashariki ya safu ya visiwa na vimbunga vingi huipita kando. Trinidad iko kusini zaidi. Hiyo haina maana kwamba wamesalimika. Ivan mwaka 2004 iliharibu sehemu kubwa sana ya nyumba za Grenada, kisiwa ambacho watu walikuwa wanakiona kiko kusini kiasi cha kutosha. Beryl ilipiga Carriacou, kisiwa kingine cha nchi hiyohiyo, Julai mosi 2024, msimu ukiwa ndiyo kwanza umeanza. Melissa ilitua Jamaika tarehe 28 Oktoba 2025 ikiwa daraja la 5, na mji wa Black River ukasambaratika.

Kwa hiyo utakata bima, na bima ya kimbunga ina mambo mawili ambayo wakala huyapitia haraka. La kwanza, kiasi cha hasara unachobeba mwenyewe kwa kawaida ni asilimia ya thamani yote iliyokatiwa bima, si asilimia ya hasara. La pili, ukikata bima pungufu, fidia nayo hupunguzwa kwa uwiano huohuo. Chukua nyumba ambayo kuijenga upya kunagharimu dola 400,000, na mwenyewe ameikatia bima ya dola 300,000 ili ada iwe ndogo. Kimbunga kinang'oa paa, hasara ni dola 40,000. Kampuni inasema: umekata robo tatu ya thamani, tunakulipa robo tatu ya hasara, yaani 30,000. Kisha inaondoa sehemu yako, tuseme asilimia 2 ya 300,000, yaani 6,000. Anabaki na 24,000 za kuezeka paa la 40,000, wakati mabati na mafundi vimepanda bei kisiwa kizima kwa kuwa kila mtu anavitafuta wiki hiyohiyo. Mwombe mthamini akupe gharama ya kujenga upya, usitumie bei uliyonunulia, na uipitie kila mwaka.

Ukinunua, mtumie wakili wako mwenyewe, asiwe wa muuzaji. Barbados mgeni anaruhusiwa kununua, ila fedha anazoingiza lazima zisajiliwe Benki Kuu ya nchi hiyo. Risiti hiyo ya usajili ndiyo itakayokuwezesha kutoa fedha zako nje siku utakapouza, basi itunze kama hatimiliki. Katika Jamhuri ya Dominika swali la kwanza ni kama kiwanja kimepimwa na kutengwa rasmi na kina hati yake peke yake. Viwanja vingi huuzwa kwa karatasi inayosema una mita kadhaa ndani ya shamba kubwa, bila kuonyesha ni zipi. Mpimaji ardhi kwanza, malipo baadaye.

Kuhusu vibali, kila nchi ina mlango wake. Jamhuri ya Dominika ina sheria namba 171-07 ya mwaka 2007 inayompokea mstaafu mwenye pensheni ya angalau dola 1,500 kwa mwezi, pamoja na dola 250 kwa kila anayemtegemea, na kumsamehe ushuru wa vyombo vya nyumbani. Kihispania ni lazima, hasa hospitalini. Barbados ilianzisha Julai 2020 kibali cha Welcome Stamp cha miezi 12, nacho kinatangazwa sana, lakini ni cha wanaofanya kazi kwa mbali wakitarajia kipato cha dola 50,000 kwa mwaka. Mtu anayeishi kwa pensheni asikitegemee. Jamaika humpa raia wake aliyeishi nje miaka mitatu mfululizo nafuu ya kuingiza vyombo vya nyumbani, na mke au mume wa Mjamaika anaweza kusajiliwa kuwa raia. Kwa familia mchanganyiko za Uingereza, hiyo pamoja na pensheni inayopanda ni sababu mojawapo ya kuitazama Mandeville, mji wa milimani ulio zaidi ya mita 600 juu ya bahari, ambako waliorejea kutoka Uingereza ni wengi na usiku kuna ubaridi wa kutosha kujifunika blanketi.

Ushauri wetu kwa yeyote mwenye uwezo: kabla ya kununua, panga nyumba ya mtu kwanza, na ukae humo Agosti hadi Oktoba. Desemba kila kisiwa kinapendeza. Septemba ndipo utakapojua kama unaweza kuishi na umeme unaokatika, joto la mvua, na duka ambalo meli yake imechelewa.

Ukishahamia, kuna karatasi moja isiyopaswa kukupita. Uingereza na Marekani hutuma fomu kwa wastaafu walio nje kuthibitisha kuwa bado wako hai. Ile ya Uingereza huhitaji shahidi anayekubalika. Isiporudi, malipo husimamishwa, na kuyafungua tena huchukua muda ambao kodi ya nyumba haisubiri. Posta za visiwa vingi huchelewa na mitaa mingi haina namba, basi fungua sanduku la posta kabla ya kuwaandikia anwani mpya, mpe mtoto au ndugu aliyebaki Uingereza au Marekani nakala ya namba zako za pensheni, na ikipita muda wa kawaida bila kupata fomu, piga simu mwenyewe uiulizie.