Kozi ya kiangazi ya uchumi: kwanza niambie swali lako

Kila mwaka ikifika Februari simu yangu huanza kupokea ujumbe wa aina moja: "Shikamoo mwalimu, nimeona kozi fupi ya uchumi Ulaya, niombe?" Nami huuliza: unataka kujibu swali gani?

Kozi hizi hufanyika kati ya Juni na Agosti, wenzetu wakiwa kwenye joto na sisi huku Dar kwenye kipupwe. Za London School of Economics, chuo cha Uingereza, zilizoanza 1989, huchukua wiki tatu na zina mtihani. Za Barcelona, Hispania, nyingi huisha ndani ya wiki moja. Muda huo haumfanyi mtu mchumi, ila unatosha kumpa chombo kimoja, mradi anajua atakifanyia kazi gani.

Chukua mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni. Je, ndiyo yaliyopandisha kodi za vyumba Kimara? Tuseme, kwa mfano tu, chumba cha Kimara kilitoka shilingi 40,000 kikafika 70,000. Usikimbilie kuyapa mabasi zile 30,000 zote! Tazama Tabata, ambako hayapiti: tuseme huko kodi ilitoka 40,000 ikafika 55,000. Basi 15,000 zingepanda hata bila mabasi, na zilizobaki ndizo za kuyahusisha nayo. Lakini hesabu hii inasimama tu kama kabla ya 2016 kodi za mitaa hiyo miwili zilikuwa zikipanda kwa kasi ileile. Sharti hilo, na namna ya kulipima, ndilo linalostahili nauli ya ndege. Wachumi David Card na Alan Krueger walitumia njia hiyo mwaka 1994 kupima athari za kupandisha kima cha chini cha mshahara katika jimbo la New Jersey, Marekani, wakilinganisha na jimbo jirani, Pennsylvania.

Kwa watu wa benki swali lipo tayari: tangu Januari 2024 Benki Kuu yetu inaendesha sera ya fedha kwa riba badala ya ujazi wa fedha, yaani kiasi cha fedha kilicho kwenye mzunguko. Kozi ya sera ya fedha sasa inagusa kazi yao ya kila siku.

Mwanafunzi, angalia tarehe zisigongane na field. Mwajiriwa, likizo yako ya mwaka ni siku 28. Wiki tatu zinaingia. Viza ya Uingereza haikuingizi Hispania, kwa hiyo amua mapema. Na kabla ya kusafiri pakua R, programu ya takwimu, ni ya bure, uendeshe rigresheni (hesabu ya kupima jinsi kitu kimoja kinavyohusiana na kingine) kwa data zako mwenyewe mpaka ukwame. Pale ulipokwama ndipo pa kumuulizia mhadhiri siku ya kwanza.