Lori kwenye mteremko: yanayosemwa na ukweli wake

"Kupiga free kunaokoa dizeli." Kupiga free ni kushuka gia ikiwa nyutro, na kauli hii ni ya hatari kuliko zote. Kwenye malori yenye mfumo wa mafuta wa kielektroniki, ukishuka ukiwa kwenye gia na umetoa mguu kwenye mafuta, kompyuta hukata dizeli, na magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Ukipiga free, injini lazima iunguze dizeli ili isizime. Kwa hiyo unaongeza matumizi, na tani 50 zote unaziachia breki za miguu. Ukishuka hivyo miteremko mikali kama Kitonga au Iwambi, ngoma za breki zinachemka, chuma kinatanuka na kuzikimbia lining (vipande vinavyobana ngoma), na lining zenyewe zinapoteza mshiko. Upepo unaosukuma breki upo, pedali inakanyagika, lakini gari halishiki.

Ingia gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, si katikati ya mteremko. Washa breki ya eksozi (inayobana moshi wa injini) au retada (kifaa cha kupunguza mwendo bila breki za magurudumu), na uache injini izunguke kwa kasi, kwa sababu breki ya injini ina nguvu mzunguko ukiwa juu. Mwendo ukizidi ule uliokusudia, kanyaga kwa uzito sekunde chache mpaka upungue kama kilomita 10 kwa saa, kisha achia ngoma zipoe. Mguu unaolalia pedali muda wote ndio unaochoma breki.

"Breki zikigoma, kuna hendibreki." Hendibreki ya lori ni springi zinazosukuma lining zilezile kwenye ngoma zilezile zilizochemka. Haikuletei breki mpya.

"Otomatiki inajua yenyewe." Gia boksi nyingi za aina hiyo haziuoni mteremko ulio mbele. Weka manyuo (gia za kuchagua mwenyewe), ushikilie gia.

"Nina daraja E, fundi ameshakagua." Leseni ya daraja E kwa Tanzania, kama CE kwa Kenya, ni ruhusa ya kuendesha chombo tu. Kabla ya kuondoka, dereva mwenyewe amwage maji kwenye matenki ya upepo, ajaze upepo, azime injini, akanyage breki na kuishikilia huku akisikiliza panapovuja. Akague na ajasta za breki (vifaa vinavyoweka lining karibu na ngoma): ikilegea moja, gurudumu lake halifanyi kazi na mengine yanachemka kwa niaba yake.

"Mizani inaruhusu tani 56." Hizo ni za lori lenye ekseli (mihimili ya magurudumu) 7. Kichwa cha ekseli 3 na tela la ekseli 3 lenye matairi pacha ni tani 8 mbele, 18 katikati na 24 nyuma, jumla 50. Jumla inaweza kuwa sawa na bado ukakamatwa kwa kundi moja la ekseli lililozidi, maana mzigo umepangwa vibaya.

"Mzigo mzito hauhami." Uzito huongeza msuguano, lakini huongeza kwa kiwango kilekile nguvu ya kwenda mbele unapofunga breki. Roli (koili) la chuma la tani 20 lifungwe kuhimili msukumo wa tani 16 kuelekea kwenye kichwa. Simama baada ya kilomita chache za mwanzo ukaze minyororo upya, kwa sababu mzigo ukishakaa, minyororo hulegea.