Kabla hujaomba kitabu: kupanga utafiti wa asaimenti ya mahusiano kazini

Kila semista, wiki moja kabla ya tarehe ya kukusanya, lazima mwanafunzi afike kwenye meza yetu ya marejeo maktabani na swali kwenye simu: "Jadili nafasi ya vyama vya wafanyakazi katika utatuzi wa migogoro ya kazi Tanzania." Kwapani ana desa (notisi za kurithishana) la mwaka juzi. Anaomba kitabu. Vitabu vipo, ila swali lenyewe ni pori, na ukiingia hivyo hivyo utatoka na kurasa kumi zisizosema kitu.

Chagua aina moja ya mgogoro, tuseme kuachishwa kazi isivyo halali, uufuate unakopita. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, lalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kanuni zinampa mfanyakazi siku 30. Kwanza pande mbili hukaa na msuluhishi. Wasipoelewana, shauri huenda kwa mwamuzi, na asiyeridhika huomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Katika kila hatua uliza: hapa chama kinafanya nini? Ghafla una swali linaloandikika: je, penye tawi la chama, migogoro mingi zaidi huishia kwa msuluhishi?

Sasa ndipo utafute. Wengi hukimbilia hukumu za TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, maana ni za bure na zipo mtandaoni. Ni hazina, lakini zina mtego. Mgogoro uliomalizwa kwa msuluhishi, watu wakapeana mikono, hauonekani humo. Ukisoma hukumu 20 na kuhitimisha kwamba usuluhishi umeshindwa, umewahesabu walioshindwa kuelewana peke yao. Kwa swali letu la tawi, hukumu zitakuonyesha hoja za wanasheria. Idadi ya migogoro iliyoisha mapema itafute kwenye taarifa za Tume yenyewe.

Maneno nayo yanapoteza watu. Anayetafuta mikataba ya chama na mwajiri kwa kuandika "makubaliano ya majadiliano ya pamoja" atakosa habari nyingi za magazeti, kwa sababu kazini watu husema mkataba wa hali bora. Na ukitafuta TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi la leo, katika maandiko ya miaka ya 1970, hupati kitu: wakati huo chama kilikuwa NUTA, kilichoundwa 1964, kisha ikaja JUWATA, halafu OTTU. Haya si majina tu. Katibu mkuu wa NUTA aliteuliwa na Rais, kwa hiyo kukilinganisha na chama cha leo bila kulisema hilo ni kosa ambalo mhadhiri ataliona ukurasa wa kwanza.

Taarifa ya TUCTA na ya Chama cha Waajiri zisome pamoja, kwa jambo moja, mwezi mmoja. Pale zinapopishana ndipo penye aya yako nzuri.

Kuhusu muda: kama una wiki tatu, achana na mahojiano kiwandani. Barua ya utambulisho ikitoka, bado meneja rasilimali watu ataiweka mezani kwake siku kumi. Wiki ya kwanza iende kwenye swali na usomaji, ya pili kwenye sheria na hukumu, ya tatu kuandika. Kila unaponakili kifungu, andika pembeni ni toleo la mwaka gani. Sheria hii imeshafanyiwa marekebisho, na desa la mwaka juzi halijui.